Bendera Katika Bustani

Masomo: 1 Wafalme 21:1-16, Kumbukumbu la Torati 19:14, Yohana 19:38 mpaka 20:18

 

Leo nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu amekiona, lakini pengine hakuwahi kukifikiria mbele za Mungu: bendera iliyosimamishwa katika bustani. Usiseme moyoni mwako kwamba Mchungaji amekosa la kuhubiri. Vumilia kidogo, utaona kwamba neno hili lina mizizi, na mzizi mmoja unapita chini ya nyumba yangu mwenyewe.

Tembea leo kutoka Kavimvira kwenda Kalundu, kisha uangalie kuume na kushoto. Au panda gari la Sange, uangalie mashamba ya mpunga. Utaona fimbo na kipande cha plastiki kinachopepea juu ya mpunga: hiyo ni bendera ya kuwaambia ndege waende kula kwingine. Utaona kitambaa chekundu kimefungwa juu ya mti katikati ya mihogo: mwenye shamba anataka mwizi aamini kwamba hapo kuna dawa. Utaona bendera ya chama cha siasa, rangi yake imefifia kwa jua, imebaki pale tangu kampeni ya uchaguzi wa Desemba 2023. Utaona kitambaa cha shirika lililoleta mbegu, chenye jina la mfadhili. Na utaona bendera nyeupe yenye msalaba, ya watu wa maombi.

Bendera hizi zote hazifanani, lakini zina kazi moja. Kila moja inamwambia mpita njia: hapa kuna mwenyewe, na mwenyewe ana mtu nyuma yake. Nyuma ya kitambaa chekundu kuna mganga. Nyuma ya bendera ya chama kuna mkubwa. Nyuma ya kitambaa cha shirika kuna mzungu na fedha zake. Nyuma ya bendera ya msalaba kuna Mungu. Basi swali la leo ni hili: unaposimamisha bendera katika bustani yako, unamwambia nani, na unamwambia nini?

Kwanza niseme wazi kwamba bendera yenyewe si dhambi. Sisi Wakongomani tumefundishwa tangu utoto kuiheshimu bendera ya taifa. Inapopandishwa asubuhi au kushushwa jioni penye ofisi ya serikali, mwenye kutembea anasimama, mwenye pikipiki anazima, mama mwenye beseni la ndagala kichwani anatulia mpaka iishe. Hiyo ni heshima, nami sitaki mtu aiache kwa sababu ya mahubiri haya.

Lakini wazee wetu waliozaliwa kabla ya 1960 wanaweza kutushuhudia jambo jingine. Wakati wa Wabelgiji waliona bendera ya buluu yenye nyota moja ya njano katikati. Tarehe 30 Juni 1960 ikapandishwa nyingine, ya buluu yenye nyota kubwa katikati na nyota sita ndogo upande wa mlingoti, kwa ajili ya majimbo sita ya wakati ule. Katika miaka ya 1960 ikabadilika tena. Mwaka 1971 nchi ikaitwa Zaire, ikaja bendera ya kijani yenye duara la njano na mkono ulioshika mwenge. Mwaka 1997 tukarudia ile ya nyota saba. Na tangu Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 tunayo ya buluu ya mbingu, yenye nyota ya njano juu upande wa kushoto, na utepe mwekundu wenye kingo za njano unaoikata kwa mshazari. Hapo sijahesabu vitambaa vya watu wenye silaha waliopita katika mwambao huu, kila mmoja akisema kwamba nchi ni yake.

Sasa umuulize mzee huyo juu ya mwembe uliopandwa na baba yake. Atakuambia kwamba katika miaka hiyo yote mwembe haukubadili tunda. Muhogo haukuuliza ni bendera gani iko juu. Ardhi inamjua aliyeilima, na inamjua Mungu aliyeiumba. Sheria ya ardhi ya nchi yetu, ya tarehe 20 Julai 1973, inasema kwamba udongo ni mali ya taifa, na sisi tunapewa haki ya kuutumia. Lakini zamani sana kabla ya sheria hiyo, katika Mambo ya Walawi 25:23, Mungu alikwisha kuwaambia Waisraeli kwamba nchi ni yake yeye, na wao ni wageni tu wanaokaa kwake. Mgeni aliyepewa mkeka hawezi kuugombania na mgeni mwenzake kana kwamba aliusuka yeye.

Tufungue sasa kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Mfalme Ahabu alikuwa na jumba, walinzi na magari ya vita. Jirani yake Nabothi alikuwa na shamba la mizabibu alilorithi kwa baba zake. Ahabu alilitaka. Je, alilitaka kwa ajili ya nini? Wengi tunasahau neno hili. Alilitaka liwe bustani ya mboga, kwa sababu lilikuwa karibu na nyumba yake. Mtu aliuawa kwa ajili ya bustani ya mboga! Ndugu zangu, msiseme kwamba ugomvi wa lengalenga na matembele ni mdogo mno kwa Mungu. Mungu alimtuma nabii Eliya kwa ajili ya ugomvi huo.

Tena angalieni Nabothi alivyouawa. Yezebeli hakutuma jeshi lililomfukuza shambani. Aliandika barua, akaipiga muhuri wa mfalme, akaagiza watu watangaze kufunga, na mashahidi wakasema kwamba Nabothi amemtukana Mungu na mfalme. Alichukua jina la Mungu na jina la serikali, akavisimamisha vyote viwili juu ya shamba la mtu mwingine. Hiyo ndiyo bendera ninayoiogopa leo. Ile ya ndege haina neno. Ninaogopa ile inayosimamishwa ili jirani asiweze kufungua kinywa.

Na sasa nifike kwenye mzizi ule niliosema unapita chini ya nyumba yangu.

Mnakumbuka usiku wa tarehe 16 kuamkia tarehe 17 Aprili 2020. Mvua ilinyesha mlimani, mto Mulongwe ukatoka njiani, ukaja na mawe na miti. Tulizika watu wengi. Maelfu ya nyumba zilianguka. Baadaye ziwa nalo likapanda, mwaka 2021 na tena 2024, likaingia katika parsele za watu. Wale waliopoteza wapenzi wao siku ile wanajua kwamba maji yalipopungua, ilikuja taabu ya pili, ya kimyakimya: mipaka haikuonekana. Tope lilikuwa limefunika mawe ya mpaka. Michikichi iliyopandwa na wazee kuwa alama ilikuwa imekwenda na maji. Watu wakaanza kusimamisha fimbo na vitambaa, kila mmoja mahali alipodhani bustani yake ilianzia.

Mimi pia nilikuwa na bustani karibu na mto. Jirani yangu alikuwa mama mjane mwenye watoto, aliyeishi kwa kuuza lengalenga na nyanya sokoni. Nyumbani kwangu kulikuwa na bendera nyeupe yenye msalaba mwekundu, iliyobaki kutoka kampeni moja ya Injili. Nikakata mwanzi mrefu, nikaifunga bendera, nikaisimamisha. Watu waliopita wakasema: Mchungaji anashuhudia hata katika tope. Nami nilijiambia vilevile, kwamba ni ushuhuda. Lakini moyoni nilijua. Niliisimamisha pale nilipotaka mpaka upite.

Mama yule hakusema kitu. Kila asubuhi alinisalimia kwa heshima. Akilima, akifika karibu na mwanzi, alikuwa anageuka na jembe lake. Nilimwona akigeuka msimu mzima, nami nilikula mboga zilizoota upande ule, nikashukuru Mungu mezani.

Siku moja jioni akaja mlangoni. Akakataa kuketi. Akaniambia: “Mchungaji, unisamehe. Mtoto wangu alitaka kuchimba matembele karibu na bendera yako, nikamkataza. Bendera ya Mungu ni nzito, naogopa kuigusa. Basi uniambie wewe unayemjua: Mungu anataka mpaka wake upite wapi?”

Wapenzi wasikilizaji, nimesoma shule ya Biblia, nimefundisha wengine, lakini jioni ile sikuwa na jibu. Yeye alikuwa anauliza kweli. Hakunidhihaki. Aliamini kwamba kama kitambaa kina msalaba, basi Mungu ndiye aliyekiweka. Nami nilimwacha aamini hivyo kwa miezi mingi, kwa sababu ilinifaa.

Asubuhi iliyofuata tukaenda pale pamoja: yeye na mwanawe mkubwa, wazee wawili wanaoijua mahali hapo tangu zamani, na mkubwa wa avenyu. Tukachimba tope. Jua lilipokuwa kali tukafikia kisiki cha mchikichi wa zamani, kimebaki na mizizi yake. Mzee mmoja akakipiga kwa jembe, akasema: huu ndio mpaka, baba yako mwenyewe aliukubali. Tukapima kwa miguu. Bendera ya msalaba ilikuwa imesimama hatua nne ndani ya bustani ya mjane. Hatua nne ni kitu gani? Ni matuta machache ya lengalenga. Kwake yeye ni daftari za watoto.

Niliing'oa mbele ya watu. Nilimlipa thamani ya mboga za msimu ule, kadiri wazee walivyosema. Alinisamehe kwa kinywa chake, na ninaamini kwamba alisamehe kweli. Lakini tangu wakati ule anasali katika kanisa lingine. Tukikutana barabarani ananisalimia vizuri. Sijamwuliza kwa nini alihama, na sidhani nina haki ya kuuliza.

Sasa mnaelewa kwa nini nasoma Kumbukumbu la Torati 19:14, mahali Mungu anapokataza mtu kusogeza alama ya mpaka wa jirani yake, na Mithali 23:10, mahali anapotaja hasa mashamba ya mayatima. Zamani nilihubiri aya hizo nikiwafikiria watu wengine, wale wenye ng'ombe na wenye silaha. Sikujua kwamba mpaka unaweza kusogezwa bila kugusa jiwe, kwa kusimamisha tu kitu ambacho jirani anaogopa kukigusa.

Twende mwisho kwenye Injili ya Yohana. Katika sura ya 19, mstari wa 41, Yohana anaandika kwamba pale Yesu aliposulibiwa palikuwa na bustani. Msalaba ulisimama karibu na bustani! Nao ulikuwa na maandishi juu yake, kwa lugha tatu, ili kila mpita njia asome. Warumi walitaka iwe bendera yao ya kuogopesha: mtu akitaka ufalme, aone mwisho wake. Lakini Mungu aliugeuza. Yule aliyeinuliwa pale hakunyang'anya ardhi ya mtu. Hata kaburi alilolazwa katika bustani ile halikuwa lake. Nabii Isaya, sura ya 11 mstari wa 10, alikwisha kusema kwamba chipukizi la Yese atasimama kama bendera ya mataifa, nao watamtafuta. Bendera hii ni mtu, naye anawaita watu waje. Hawafukuzi.

Kisha Jumapili asubuhi Mariamu Magdalene akabaki analia katika bustani. Wachoraji wa Ulaya wa zamani walipenda kumchora Yesu akitoka kaburini ameshika bendera nyeupe yenye msalaba mwekundu, kama ile yangu. Lakini Yohana hakuandika habari ya bendera. Aliandika kwamba Mariamu alidhani ni mtunza bustani. Bwana wa mbingu na nchi alisimama katika bustani siku ya ushindi wake, na mtu aliyempenda hakuona alama yoyote ya ukubwa. Alimwona kama mtu wa jembe. Alimtambua alipoitwa kwa jina lake.

Ndugu na dada, kama kweli unataka watu wajue kwamba bustani yako ni ya mtu wa Yesu, hiyo ndiyo njia. Umjue jirani yako kwa jina lake. Umwite. Maji ya mfereji yakiwa machache, mwachie zamu yake. Kuku wake akiingia kwako, mrudishe akiwa hai. Mpita njia atauliza mwenyewe shamba hili ni la nani.

Kabla ya kumaliza, niwape mambo matatu ya kufanya juma hili.

La kwanza: kama katika parsele au shamba lako kuna kitambaa, fimbo au kibao kilichosimama mahali penye mashaka, usingoje jirani aje mlangoni jioni. Nenda wewe kwake. Mtafute mzee anayejua, mwite mkubwa wa avenyu au wa kijiji, mchimbe pamoja mpaka mwone kisiki. Mpaka uliowekwa na watu wawili mbele ya mashahidi hauhitaji kuogopesha mtu.

La pili: usitumie jina kubwa kuwa ukuta wa bustani yako. Usitumie jina la chama, wala la kabila, wala la ndugu yako aliye jeshini, wala la mganga. Na zaidi ya yote usitumie jina la Mungu. Amri ya kutolitaja jina lake bure inafika mpaka kwenye matuta ya mboga.

La tatu: kama unataka kusimamisha bendera, isimamishe kwa furaha. Ndugu yetu mmoja aliyehamishiwa Denmark kama mkimbizi alinisimulia kwamba huko watu wa mjini wasio na uwanja hukodi vibustani pembeni mwa mji, na wengi huweka mlingoti humo. Siku ya kuzaliwa ya mtoto au ya bibi, bendera ya taifa inapandishwa, na jua likizama inashushwa. Nilistaajabu, maana kwetu bendera ni kitu cha ofisi, na kwao ni kama keki ya sikukuu. Lakini aliniambia pia kwamba tangu Januari 2025 sheria yao inakataza kupandisha kwenye mlingoti bendera za nchi nyingine bila ruhusa, isipokuwa chache. Kwa hiyo hata katika vibustani vile vya amani, swali la nani ni mwenyeji na nani ni mgeni halikuisha. Tusidhani kwamba ni sisi peke yetu tunaosumbuliwa nalo.

Mwanzi ule wangu ungali nyumbani. Sasa mke wangu anautumia kuegemeza kamba ya kuanikia nguo. Bendera niliikunja, nikaiweka kabatini. Nitaitoa siku ya Pasaka, tuipeleke barabarani, mahali pasipo shamba la mtu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Katika bustani au parsele yetu, ni alama gani inayomwogopesha jirani? Tuliiweka lini, na kwa sababu gani?
2. Kwa nini Nabothi alikataa kuuza shamba lake, hata kwa fedha? Soma tena 1 Wafalme 21:3.
3. Je, kuna mtu anayegeuka na jembe lake kwa sababu yetu, naye hasemi kitu?

TUOMBE

Ee Mungu mwenye ardhi yote, wewe uliona mipaka yetu kabla maji hayajaifunika. Uwafariji waliopoteza watu na nyumba kando ya Mulongwe na kando ya ziwa. Utusamehe sisi tuliosimamisha jina lako mahali ambapo hukututuma. Utupe ujasiri wa kwenda kwa jirani kabla ya jua kuzama. Uwape wajane na mayatima wa mji huu mtu atakayechimba pamoja nao. Kwa jina la Yesu, aliyeonekana bustanini kama mtunza bustani. Amina.